UZI: Muvi za kutisha za 2025, orodha yangu na kinachoziua zikifika kibandani

Mwambao_Kibirizi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mwaka 2025 ulikuwa wa neema kwa wapenzi wa muvi za kutisha. Ila ukisimama nje ya kibanda chochote cha kuonyesha muvi hapa Kigoma, pale Mwanga au Ujiji, watu wanatoka wakisema "mbona haitishi?" Itatishaje? Imeonyeshwa saa kumi na moja jioni jua linawaka, mlango uko wazi, TV imewekwa mwanga wa mwisho, faili ni la MB 700, na juu ya yote DJ anayetafsiri muvi anaongea tangu dakika ya kwanza. Kwa hali hiyo hata jini mwenyewe akija atakuta watu wanatafuna karanga.

Orodha yangu ni hii. Kila muvi nimeweka kinachotisha ndani yake na kinachoiua. Mwisho sijaumwaga, na atakayemwaga aweke onyo kwanza.

1. Weapons (Zach Cregger, dakika 128). Watoto 17 wa darasa moja wanaamka usiku mmoja, dakika ileile, wanafungua milango ya kwao na kukimbilia gizani mikono wameitanua pembeni. Hawaonekani tena. Darasa zima amebaki mtoto mmoja.

Muvi imegawanywa vipande sita na kila kipande kinafuata mtu wake: mwalimu, mzazi, polisi, teja, mwalimu mkuu, halafu yule mtoto aliyebaki. Jina linatokea kwenye skrini kipande kinapoanza. Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanaona tukio walilokwisha kuliona linarudi kwa upande mwingine, wanapiga kelele kwamba flashi imerudi nyuma. Waambieni mapema: ukiona jina, saa imerudishwa na sasa unatazama kwa macho ya mtu mwingine.

Halafu kuna kosa la saa. Watoto wanatoka 2:17 usiku kwa saa za Kizungu. Kwa saa zetu hiyo ni saa nane na dakika kumi na saba, usiku wa manane. Maandishi ya tafsiri chini ya picha yakisema "saa mbili na dakika kumi na saba", yatupe. Saa mbili usiku huku kwetu ugali ndio kwanza unaepuliwa na watoto bado wako uani. Mtoto kutoka nje saa mbili si ajabu hata kidogo. Ndiyo maana ukikosea hiyo saa, fumbo lote la muvi limekwisha.

2. Sinners (Ryan Coogler, dakika 137). Mississippi, 1932. Michael B. Jordan anacheza mapacha, Smoke na Stack, wanaonunua kinu cha zamani cha mbao na kukigeuza ukumbi wa muziki wa blues. Sehemu kubwa ya saa ya kwanza ni maandalizi tu: nani atapiga gitaa, nani atakaanga samaki, nani atakaa mlangoni. Watu wa kusogeza mbele wanaisogeza hiyo saa, halafu wanashangaa kwa nini hawajali nani amekufa.

Kinachotisha humo ni mlango. Wale wanyonya damu hawawezi kuvuka kizingiti bila kukaribishwa. Tazama jinsi wanavyosimama nje: wanatabasamu, wana ala zao za muziki, wanaomba kwa adabu, na hawanyanyui mguu. Sasa mtafsiri akisema "tunaomba kuingia" ameua. Neno ni HODI. Mswahili akisikia hodi mdomo unajibu "karibu" kabla kichwa hakijafikiri. Ukiitafsiri hivyo, kila mtu kibandani anagundua kwamba kwake wangeshaingia zamani. Hofu yote ya tukio lile imekaa kwenye neno moja, na tunalo sisi kuliko hao walioitengeneza.

3. Bring Her Back (ndugu wa Australia, Danny na Michael Philippou). Kaka na dada wa kambo wamefiwa na baba, wanapelekwa kulelewa na mama mmoja (anachezwa na Sally Hawkins), mchangamfu kupita kiasi. Dada ana uoni hafifu, anaona mwanga na maumbo tu. Mle ndani yuko pia mtoto wa kiume asiyesema. Hii si ya kurukaruka kwenye kiti. Ni ya masikio: mvua, maji, meno. Kuna tukio la kisu na tikiti ambalo ukilitazama kwa spika ya simu utaona damu tu. Ukilisikia kwa spika za kweli utafunga mdomo wako mwenyewe kwa mkono. Muvi hii watoto wasiingie kabisa, na sisemi hivyo kwa mapambo.

4. 28 Years Later (Danny Boyle). Watu wamewakimbia wagonjwa wa kirusi na kujifungia kwenye kisiwa kilichounganishwa na bara kwa njia moja tu, na njia hiyo hufunikwa na bahari. Kwa sisi wa ziwani hili linahitaji maelezo, maana Tanganyika haina kujaa na kupwa. Bahari ya kule hujaa na kupwa mara mbili kwa siku: maji yakipwa mnapita kwa miguu, yakijaa njia haipo. Asiyejua hivyo hataelewa kwa nini baba na mwanawe wanakimbia usiku kwenye maji ya magoti, na kwa nini hawawezi "kusubiri kidogo".

5. Good Boy (Ben Leonberg, dakika 73). Nyumba yenye mzimu, lakini mhusika mkuu ni mbwa. Mbwa wa kweli, wa mwongozaji mwenyewe, anaitwa Indy. Kamera iko kimo cha mbwa na nyuso za watu karibu zote zimefichwa. Haina maneno mengi, kwa hiyo haihitaji DJ wala maandishi. Kama unataka kupima kibanda chako kiko sawa kwa giza na sauti, anza na hii.

Nimeacha nje The Conjuring: Last Rites. Ni ndefu, na inategemea umeshazoea wale wanandoa wa muvi za kabla yake. Final Destination Bloodlines ni nzuri kwa kundi linalopenda kupiga kelele pamoja. Zaidi ya hapo sina la kuongeza.

---

Ujiji_Mtaa_wa_Juu

Mkuu, uzi umesimama, ila Sinners kuwa ya pili ni dhuluma. Lile tukio la kijana Sammie anapopiga gitaa na wa kale na wajao wanaingia ukumbini pamoja, ngoma za Afrika Magharibi, gitaa la umeme, hadi DJ na mashine yake, hakuna muvi ya mwaka huo iliyofika hapo.

Na nina ugomvi na watafsiri. Wanawaita wale wanyonya damu "mumiani". Mumiani tunamjua. Ni mtu mzima mwenye pumzi zake, anakamata watu usiku, anatoa damu akauze. Mchana yuko sokoni na wewe. Hachomwi na jua, haogopi kitunguu saumu, na hahitaji kukaribishwa. Ukimwita yule wa Sinners mumiani, mtazamaji anauliza maswali yasiyo na jibu: sasa kitunguu saumu cha nini? Mbona wanasubiri kuche? Semeni vampaya au mnyonya damu, basi.

---

Mwambao_Kibirizi

Nakubali kuhusu mumiani. Ongeza na "msukule". Wale wa 28 Years Later wanaitwa misukule kila mahali, wakati hawajafa na hawajalogwa. Ni wagonjwa. Kirusi kimewageuza wakawa hasira tupu, wanakula, wanatembea kwa makundi, na ukiwapiga mshale wanakufa kama kiumbe chochote. Msukule ni mtu aliyechukuliwa akili akawa anatumikishwa na mwenye mamlaka juu yake.

ONYO, anayetaka kuiona Weapons aruke mstari huu: neno msukule liwekeni huko, linakaa kama limeshonwa. Mzungu anahitaji filamu nzima kueleza jambo ambalo sisi tuna neno lake.

---

Fundi_Katubuka

Mleta uzi amegusa maudhui, mimi nije kwenye vyombo. Kibanda kinaua muvi ya kutisha kwa njia tatu: mwanga, faili, sauti. Sauti ndiyo kubwa, lakini nianze na mwanga.

SAA. Kigoma jua linazama kama dakika 40 baada ya Dar, kwa sababu tuko magharibi mno na saa ni moja nchi nzima. Ratiba za kuiga za pwani haziingii huku. Saa kumi na mbili na nusu jioni bado kuna mwanga wa kusomea gazeti. Giza la kazi linaanza saa moja na nusu. Ukitaka kuonyesha mapema, ziba: turubai jeusi au nailoni nyeusi mara mbili juu ya mlango, ianguke hadi chini na kuzidi fremu sentimita 20 kila upande. Matundu ya misumari kwenye bati yazibwe kwa lami, kila tundu moja linatupa doa la mwanga ukutani. Saa sita mchana simama ndani, funga kila kitu, subiri dakika 5 macho yazoee. Utayaona yote.

TV. Zinatoka kiwandani zimewekwa hali ya kung'aa kwa ajili ya dukani. Badilisha iwe Movie au Cinema. Zima ule mpangilio wa kuokoa umeme, maana unapunguza mwanga wenyewe tukio likiwa giza. Kisha tafuta tukio la usiku lenye mtu aliyevaa nguo nyeusi, lisimamishe. Punguza "brightness" mpaka mikunjo ya nguo ipotee, halafu rudisha hatua moja au mbili ianze kuonekana. Simama hapo. Ukizidisha, nyeusi inakuwa kijivu kama majivu na kila kilichojificha kinaonekana. Ukipunguza sana, hakuna kitu, watu wanatazama kioo. Na usiwashe taa upande wa watazamaji. Ukihitaji taa kwa usalama iwe nyuma ya TV, iangalie ukutani.

---

Gungu_Boy

Fundi, 28 Years Later kwenye TV ya inchi 32 picha inakuwa kama utepe, juu na chini nyeusi. Nimeivuta ijae, watu wamerefuka kama mianzi. Tatizo nini?

---

Fundi_Katubuka

Siyo tatizo, ndivyo ilivyo. Muvi ile umbo lake ni 2.76 kwa 1, upana karibu mara tatu ya kimo. TV yako ina upana wa sentimita 71 hivi na kimo 40. Gawa 71 kwa 2.76 upate sentimita 25.7. Kwa hiyo sentimita 14 zinabaki nyeusi, 7 juu na 7 chini. Ukiivuta ijae unarefusha nyuso. Ukiikuza badala ya kuivuta unakata pembeni zaidi ya theluthi moja ya picha, na kwenye muvi hii anayekuja anatokea pembeni, mbali kwenye majani. Umejiondolea hofu mwenyewe.

Dawa ni kusogea. Kwa inchi 32 mtu wa mbele akae mita 1.5, wa nyuma asizidi mita 3. Kama una projekta na shuka la upana wa mita 2, utapata kimo cha sentimita 72, na hapo ndipo inapendeza. Shuka livutwe pembe zote nne, likiwa na mkunjo mmoja tu mstari wa upeo wa bahari unapinda.

Sinners nayo ina 2.76, lakini kwenye nakala ya diski baadhi ya matukio yanapanuka ghafla na kujaza skrini nzima. Watu wanadhani mtu amekalia rimoti. Hajakalia. Yalipigwa kwa kamera za filamu za IMAX, acheni yafanye kazi yake.

Na hiyohiyo ya Danny Boyle, sehemu kubwa ilipigwa kwa simu, iPhone 15 Pro Max zenye vifaa vya ziada, nyingine zimefungwa nyingi pamoja kwenye fremu ya nusu duara. Ndiyo maana mshale ukigonga picha inaruka, inaganda na kuhamia upande. Flashi yako haijagoma. Usiitoe na kuipuliza.

---

Isevya_Tabora

Salaam kutoka Tabora, wakuu. Nyie watu wa mwisho wa reli mna ratiba ya jua yenu, ila maandishi ni tatizo letu sote. Nichangie hapo.

Maandishi yakiwa mbele au nyuma ya midomo kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, ni rahisi. Kwenye VLC ya kompyuta (programu ya kuchezea video) bonyeza H kuyachelewesha, G kuyawahisha, kila mbonyezo ni milisekunde 50.

Lakini kama mwanzo yako sawa na katikati yamekimbia, usihangaike na H na G, utabonyeza mpaka asubuhi. Hiyo ni tofauti ya idadi ya picha kwa sekunde: maandishi yalitengenezewa 25, video yako ni 23.976. Yanapishana karibu dakika 2 na nusu kwa kila saa moja. Kwa muvi ya kutisha ni msiba, maana maandishi yanasema "yuko nyuma yako!" wakati mtu bado anachemsha chai. Tafuta maandishi mengine yaliyotengenezewa nakala yako, au yabadilishe kwa programu ya kuhariri maandishi kutoka 25 kwenda 23.976, hifadhi upya.

Jina la faili la maandishi lifanane herufi kwa herufi na la video, tofauti iwe ule mkia wa .srt tu. Yote mawili yakae folda moja. Maandishi yahifadhiwe kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi), la sivyo utakuta alama za kuuliza katikati ya maneno.

---

Mwanga_Sokoni

Kwangu Weapons picha ipo, sauti hakuna kabisa. Muvi nyingine kwenye flashi hiyohiyo zinalia vizuri. Na Sinners haikubali kuingia kwenye flashi ingawa ina nafasi ya GB 20.

---

Fundi_Katubuka

Mawili tofauti, mkuu.

La sauti: faili lako lina sauti iliyobanwa kwa aina inayoitwa DTS na TV yako haisomi DTS. TV nyingi za bei ya chini hazisomi. Spika hazijaharibika, usifungue kitu. Cheza kwa laptopu kupitia waya wa HDMI, au geuza sauti iwe AAC ya njia mbili. Picha usiiguse, hivyo kazi inachukua dakika chache tu. Kinyume chake, sauti ipo na picha hakuna, ni picha iliyobanwa kwa H.265 kwenye TV ya zamani inayojua H.264 tu.

La flashi: imeumbizwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja lenye zaidi ya GB 4 hata kama nafasi ipo tele. Ukiiumbiza upya kwa exFAT itapokea, lakini hakikisha TV inaisoma, na hamisha vitu vyako kwanza maana vitafutika vyote.

Kuhusu ukubwa wa faili niseme jambo moja. Sinners ni dakika 137. Ukiibana iwe MB 700 unapata kilobiti 680 hivi kwa sekunde, sauti imo humohumo. Mchana utaona sawa. Usiku, giza linavunjika vipande vya mraba vinavyotambaa ukutani. Mtazamaji anaona kitu kinatembea mahali ambapo mwongozaji hakuweka kitu. Panda mpaka GB 2.5 na giza litatulia. Zile zilizorekodiwa kwa kamera ukumbini hata sizijadili, kikohozi cha mtu wa Marekani kimo ndani.

---

Bangwe_Tv

Tupeni basi mahali pa kupakua.

---

Mwambao_Kibirizi

Humu hapana, mkuu. Kutazama kwako nyumbani nunua au lipia kihalali. Ukitaka kuonyesha watu kwa kiingilio, kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976: filamu inapita Bodi ya Filamu inapangiwa daraja, na kibanda kinahitaji kibali. Hakimiliki ni habari nyingine, hiyo waulize COSOTA. Muvi hizi tano karibu zote si za watoto, na mlangoni ndipo pa kusimamia hilo, siyo muvi ikifika katikati.

---

Fundi_Katubuka

Sasa SAUTI, maana nimeahidi.

Moja. Maneno yanasikika kama yako chini ya maji, muziki na milango inapasua masikio. Sababu: faili lina njia sita za sauti, mazungumzo yamewekwa kwenye njia ya katikati, na kifaa chako kinatoa kushoto na kulia tu bila kuichanganya ya katikati ndani yake. Kwenye VLC weka sauti iwe ya njia mbili, mazungumzo yatarudi.

Mbili. Mazungumzo yapo lakini kunong'ona hakusikiki na mayowe yanafukuza majirani. Hiyo ni kawaida ya muvi za kutisha, zimetengenezwa na pengo kubwa makusudi. Bonyeza Ctrl na E kwenye VLC, upande wa sauti ufungue kompresa (inayopunguza pengo kati ya sauti ndogo na kubwa), iwashe, punguza taratibu mpaka kunong'ona kueleweke. Usiibane kabisa! Ukilisawazisha pengo lote, hakuna atakayeshtuka tena, kila kitu kiko sawa kama taarifa ya habari.

Tatu. Spika ya Bluetooth. Inachelewa. Mlango umeshafungwa kwenye picha, kishindo kinakuja baadaye, mtazamaji anashtuka halafu anacheka. Tumia waya. Kama huna, bonyeza J mara 4 kwenye VLC, sauti inawahi milisekunde 200. Ongeza au punguza hadi midomo ikae na maneno.

Nne. Sabufa na bati. Besi ikizidi bati linatetemeka, misumari inalia, na watu wanasikia bati tu. Sabufa usiiweke kwenye kona, kona inaivimbisha. Iweke mbele, chini ya TV, juu ya kipande cha godoro la zamani au zulia lililokunjwa. Tundika magunia ya katani chini ya bati, yashuke sentimita 10 hivi, yasilibane. Ukuta wa nyuma nao tundika gunia au blanketi, unaondoa mwangwi. Spika ndogo mbili ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, siyo juu dirishani zikihutubia dari.

---

Ujiji_Mtaa_wa_Juu

Na mvua je? Msimu huu bati likianza hata kompresa haisaidii.

---

Fundi_Katubuka

Mvua ikianza usishindane nayo kwa kuongeza sauti, utachoma spika. Badilisha muvi. Good Boy na Bring Her Back zinakufa papo hapo, zinaishi kwenye ukimya. Final Destination Bloodlines inastahimili, kwa sababu hofu yake iko machoni: unaona msumari, unaona waya, unaona kipande cha kioo, na unasubiri kipi kitaanza. Iliyobaki ni magunia yale niliyosema. Kwa mvua ya kawaida yanapunguza, kwa ile ya radi hapana.

---

Isevya_Tabora

Mmesahau muvi moja inayofaa kwa hoja hizi: Presence ya Steven Soderbergh, dakika 85. Kamera yenyewe ndiyo mzimu. Kila tukio limepigwa bila kukatwa, kamera inapanda ngazi, inachungulia kabatini, inarudi nyuma ikiona aibu. Mtazamaji asipoambiwa hilo atasema mpiga picha hatulii. DJ akiwa anaongea juu yake, mzimu unapata sauti ya mtu wa Dar na biashara imekwisha.

---

Kasulu_Road

Mnawaonea madj. Bila wao mama yangu mdogo asingejua hata jina la muhusika. Si kila mtu anasoma maandishi, tena yanayokimbia.

---

Mwambao_Kibirizi

Hilo ni kweli, na sijasema waondoke. Tatizo ni DJ anayeogopa ukimya. Ajitahidi hivi: mwanzoni, muvi ikiwa bado haijaanza, aeleze mahali, mwaka na majina, sekunde 60 zinatosha. Ndani atafsiri mazungumzo tu, kwa sauti ya chini, akimaliza sentensi anyamaze. Mtu anapotembea ukumbini peke yake gizani DJ hana kazi. Hakuna haja ya kusema "sasa anaogopa huyo". Tunaona. Na sauti ya asili aishushe pale anapoongea tu, kisha airudishe. Wengi wanaishusha tangu mwanzo na kuiacha huko mpaka mwisho, ndiyo maana muvi nzima inakuwa kama mechi ya redioni.

Kwenye Weapons kuna nafasi moja tu anayohitajika sana: majina yale sita yakitokea. Ayasome kwa sauti. "Justine." Basi, asiongeze neno.

---

Gungu_Boy

Umeme ukikatika katikati? Jenereta inaunguruma kuliko muvi.

---

Fundi_Katubuka

Jenereta na Good Boy haviishi nyumba moja. Tumia betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Hesabu: TV ya inchi 32 chukulia wati 50, sabufa 60, laptopu 45, jumla 155. Inveta inapoteza kama asilimia 15, kwa hiyo betri inatoa karibu wati 182. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, tumia nusu tu usiiue, yaani 600. Gawa kwa 182, unapata saa 3 na dakika 15 hivi. Sinners ni saa 2 na dakika 17 kamili (msiichanganye na ile 2:17 ya Weapons), inaisha na chaji inabaki.

Inveta iwe ya wimbi safi. Zile za bei ya chini zenye wimbi la ngazi zinatia mngurumo kwenye sabufa, mlio mmoja usiokatika, na unafunika kila pumzi iliyowekwa pale kwa makusudi. Waya wa betri kwenda inveta uwe mnene na usizidi mita 1, mrefu ukiwa mwembamba volti inashuka na inveta inajizima palepale sabufa inapopiga kwa nguvu. Na palepale ndipo penye tukio.

---

Mwanga_Sokoni

Kugeuza sauti kumekubali, Weapons inalia. Jumamosi nataka kuweka mbili mfululizo kwa watu wazima. Zipi, na kwa mpangilio gani?

---

Mwambao_Kibirizi

Saa moja na nusu weka Good Boy. Ni fupi, haihitaji tafsiri, na inawanyamazisha watu wakaanza kusikiliza. Saa tatu kasorobo inakuwa imeisha. Wape dakika 15 wanunue kahawa, wewe pima sauti upya kwa sababu kibanda kilichojaa watu kinameza sauti kuliko kitupu. Ongeza kidogo. Kisha Sinners saa tatu kamili, itaishia saa tano na robo na ushee. Bring Her Back usiiunganishe na chochote, watu watatoka wamekaa kimya na hutauza hata soda.

Na Sinners majina yakianza kupanda usiwashe taa wala usichomoe flashi. Kuna tukio refu katikati ya majina, la miaka sitini baadaye, na jingine fupi baada ya majina kuisha. Mkae.